Kura ya Tisa

Suhaib alinijia mbio mpaka kibarazani, karatasi mkononi na kofia imekaa upande, utadhani yeye ndiye mgombea aliyeshinda. Kijana huyu anasomesha hesabu katika darasa nililolisomesha mimi miaka thelathini na miwili, na mpaka leo hajajua kwamba mwalimu wa hesabu hakimbii barabarani na jawabu. Hukaa kwanza akalihakiki.

"Shikamoo, maalim. Mtofaani imegeuka!"

"Marahaba. Imegeuka ikatazama wapi?"

"Wao mia na kumi na nane, siye mia na tisa. Nimenakili mlangoni pa skuli kwa mkono wangu. Hapa petu, maalim! Hapa walipokuwa wakipata kura za kuhesabu kwa vidole!"

"Siye" kwa Suhaib ni upinzani, na "wao" ni chama kinachotawala. Majina ya vyama sitayataja. Wenyewe wanajijua, na mimi nimeshachoka kuyasikia.

Nikamwambia akae, nikaingia ndani nikatoa daftari langu. "Visiwa vyote vimesemaje?"

"Wao wana yapata sabini na tano katika mia."

"Na sisi hapa?"

Akabonyeza simu yake, jambo linaloniudhi kuliko mbu. "Hamsini na mbili."

"Toa."

"Ishirini na tatu. Lakini maalim, ya nini hesabu hiyo ya kutoa? Si tumeshajua nani kashinda?"

Niliiandika ishirini na tatu chini ya namba nyingine za ukurasa ule. Kwa miaka thelathini nimeingoja namba iliyo chini ya thelathini. Nikamwambia Suhaib aende zake, kwa sababu nilitaka kulia, na sikutaka kulia mbele ya mtu niliyemtia adabu kwa ajili ya jedwali la saba.

Nikuelezeni habari ya daftari kabla hamjaniona mwehu. Uchaguzi ukipita, watu wetu hutazama karatasi ya mlangoni basi. Wao wameongeza kura kumi, ah, kijiji kinageuka. Wamepunguza tano, ah, kijiji kimerudi. Mimi huziweka karatasi mbili kando kwa kando, yetu na ya Visiwa vyote, nikatoa moja katika nyingine. Mtumbwi uliofungwa pwani hupanda maji ya bamvua yakijaa, lakini na mitumbwi mingine yote imepanda, na wako uko palepale kwenye kamba yake. Ukitaka kujua kama kijiji kimesogea, kitazame kando ya wenziwe. Ile tofauti ya katikati mimi huiita umbali.

Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Visiwa viligawika nusu kwa nusu. Sisi Mtofaani tuliwapa wao kura mbili katika mia. Umbali, arubaini na nane. Ukizihesabu kwa idadi, zilikuwa kura tisa kati ya mia nne na thelathini, na kura tisa hizo ndizo zilizonivunjia maisha.

Nilikuwa mwalimu mgeni wa kazi, nakaribia miaka thelathini, na nilikuwa nimemposa Mwatum binti Msellem. Baba yake alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa barazani, na Mwatum alikaa nyuma yake akidarizi shingo za kanzu, kichwa kimeinama, akisikia kila neno linalopita njiani. Mimi nilikuwa nikivikata vifungo vya mashati yangu mwenyewe kwa wembe nipate sababu ya kwenda kuvishonesha. Siku moja akaniuliza, bila kuinua uso, "Maalim, mashati yako yana maradhi gani, mbona vifungo havikai?" Mzee Msellem akacheka mpaka akaachia pedali. Wiki ya pili yake nikapeleka watu. Posa ikakubaliwa, ndoa ikapangwa iwe baada ya karafuu.

Basi ukaja uchaguzi. Kijiji kizima kilikuwa upinzani, nami nilikuwa humohumo, nikihudhuria mikutano na kupiga makofi na wenzangu. Lakini miezi miwili kabla, serikali ilikuwa imeezeka bati darasa la tatu. Najua, najua, huo ndio ulimbo wenyewe na ndege ni mimi. Ila nyinyi hamkusimama miaka miwili chini ya makuti yaliyooza mkiufuta ubao kwa kiwiko kila mvua inaponyesha, watoto wamejikusanya pembeni na madaftari yamo ndani ya mashati. Nilipofika peke yangu nyuma ya pazia la kupigia kura pale skuli, nikaliona lile bati. Nikatia alama. Nikatoka, na sikumwambia mtu.

Matokeo yalipobandikwa, watu walikwenda kukaa baraza ya Bakar. Bakar alikuwa na sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye kelele, na hoja yake ilikuwa moja tu: tuwajue. Siku hizo ukisikia jambo kama hilo huulizi kwa nini. Vijiji vyote vilikuwa vikihesabu. Mahali ambapo kura ni mia tano huwezi, lakini tisa ni watu, wana nyuso na milango.

"Sheha na mkewe," Bakar akaanza. "Wawili. Karani wa wilaya na mama yake, wawili. Mwenye nyumba ya tawi lao, wanne. Yeye na mkewe na wanawe wawili. Jumla?"

"Wanane," watu wakasema.

"Maalim Ngwali, weye ndiye mwana hesabu. Tisa toa wanane?"

Nilikuwa na chaki mfukoni, nikainama nikaandika kwenye sakafu ya baraza. Watu wazima hao wote walijua jawabu, lakini walitaka wapewe na mwalimu. "Mmoja," nikasema.

"Nani?"

Mtu akasema kwa nyuma, "Yakhe, si Msellem alowashonea sare za mkutano wao?"

"Kumbe!" akasema Bakar, na ile kumbe ikazunguka baraza nzima.

Ilitakiwa sentensi moja. Chaki ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilifungua mdomo nikasema, "Mimi nina kipindi saa nne," nikaondoka.

Nyumba ya Mzee Msellem ilikuwa na wapiga kura watatu, yeye, mkewe na Mwatum. Kura iliyokosa mwenyewe ilikuwa moja. Hakuna aliyeuliza ni ya nani kati yao. Waliichukua kura moja wakawagawia watu watatu, na mwana hesabu wa kijiji alikuwa darasani anafundisha kugawanya.

Wakasusiwa. Asiyeujua ususiaji wa miaka ile hawezi kuelezwa akaelewa. Watu walikuja mmojammoja kuchukua vitambaa vyao, vingine vimeshakatwa, mkono mmoja umeunganishwa na mwingine bado. Mzee Msellem akitoa salamu, inaanguka chini. Mwatum akifika mferejini, wanawake wanajitwika ndoo zao nusu na kuondoka. Baba yangu akatuma mtu kuivunja posa, na wala hakuniuliza. Naandika haya ili yawe wazi: hakuniuliza, na mimi sikumpinga.

Kabla ya mwaka kuisha, mama yake Mwatum akafariki. Kwetu maiti haina ugomvi. Mtu uliyepigana naye mahakamani utalitia bega jeneza lake, na usipolitia watu watakusema mpaka na wewe ufe. Siku ile jeneza lilibebwa na Mzee Msellem, shemeji zake wawili waliovuka kutoka kisiwa cha Makoongwe, na wanaume wachache wa zile nyumba nyingine zilizosusiwa. Lilipita mbele ya skuli. Watu wanane wakileta tahlili kwenye njia iliyozoea mia mbili, sauti yao ilikuwa nyembamba hata watoto wakanyamaza wenyewe. Nyuma kabisa, Mwatum alikuwa amesimama mlangoni kwao, kwani wanawake hawendi makaburini, akilisindikiza jeneza kwa macho. Macho yake yakafika dirishani kwangu. Nikayainamisha yangu nikawaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa arubaini. Tulikuwa chini ya lile bati.

Wiki ya pili walihama. Walikwenda Makoongwe kwa jamaa za marehemu, na cherehani yao ilibebwa juu ya gari ya ng'ombe mpaka barabarani.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Nilijiwekea ahadi, na ahadi ya mwoga huwa na masharti mengi. Nikasema, siku umbali wa Mtofaani utakaposhuka chini ya thelathini, siku kura za wao hapa zitakapokuwa nyingi hata mtu asiweze kuzipa majina, nitasema. Wakati huo haitakuwa hatia, itakuwa habari. Nitasema, kisha nitamfuata Mwatum nimrudishe kwao mchana kweupe.

Uchaguzi wa pili wao walipata kura ishirini na sita kwetu, na watu wakaanza kutazamana vibaya. Lakini Visiwa vyote walikuwa wamepanda mpaka sitini na saba katika mia, kwa hiyo umbali ulikuwa sitini na moja. Tulikuwa tumekwenda mbali zaidi huku tunadhani tunakaribia. Wa tatu, arubaini na nane, tumerudi tulipoanza. Nilikuwa nimeshamwoa Bimkubwa, Mungu amrehemu. Alikuwa mke mwema na sikumkosea kwa tendo, ila aliliona daftari miaka yote akadhani ni kazi ya serikali, nami sikumwambia vingine. Mwatum naye nilisikia kaolewa hukohuko. Siku niliyosikia nilikwenda shamba nikapalilia muhogo uliokuwa umeshapaliliwa.

Uchaguzi wa nne wakubwa wa vyama walipatana, na watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kupeana mikono. Umbali, arubaini na moja. Nilifika mpaka bandari ya Mkoani, nikasimama gatini nikaitazama Makoongwe, pale, karibu hata unaweza kuona nguo zilizoanikwa. Boti ikajaa watu, nahodha akaniuliza kama navuka. Nikasema arubaini na moja si thelathini, nikarudi nyumbani. Nahodha alinitazama kama mgonjwa.

Ule uliofutwa ukarudiwa bila ya upinzani, nimeuachia mstari mtupu. Uliofuata, wao walitoka kwa kishindo kwetu, kura mia na nane, thelathini na moja katika mia, na vijana wakapiga kelele kwamba Mtofaani si ile. Nilitoa, nikapata arubaini na tano. Mtumbwi ulikuwa umepanda na maji. Nililifunga daftari nikakaa nalo mapajani mpaka adhana ya alasiri. Bimkubwa alikuwa ameshafariki, Mwatum alikuwa ameshakuwa mjane, nami nilikuwa ninazeeka nikingoja namba.

Kwa hiyo mnaelewa ishirini na tatu ilikuwa nini kwangu. Asubuhi ya pili nilivaa kanzu nzuri, nikatia daftari kwenye mfuko wa plastiki lisirowe, na safari hii nahodha hakuniuliza mara mbili.

Makoongwe ukiuliza fundi wa kanzu hata mtoto anakuonyesha. Alikuwa amekaa barazani kwake nyuma ya cherehani ileile ya baba yake, miwani puani, mtandio umeteremka mabegani. Alikuwa amenenepa kidogo. Shingo yake ilikuwa ileile, imeinama vilevile, na moyo wangu ulinidunda kwa namna isiyofaa kwa mtu anayepokea pensheni.

"Hodi."

"Karibu." Akatazama juu ya miwani, akatazama tena. "Ngwali."

Hakusema maalim. Akanisogezea kiti kwa mguu, akaendelea kushona.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia mbali, hali, watoto, rambirambi za mumewe. Yote yakanikimbia. "Mwatum, ile kura ya tisa ilikuwa yangu."

Cherehani haikusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "N'najua."

"Nani kakwambia?"

"Weye. Siku ya maziko ya mama. Wote walotususa walikuwa wakitutazama kwa hasira, macho makavu. Weye peke yako uliyainamisha. Mtu mwenye hasira hainamishi macho."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nnani angemwamini mtoto wa Msellem? Na hata wangeniamini, ningemtoa baba ningekutia weye." Akaikunja kanzu, akaikunjua, akaikunja tena. "Nikasema atasema mwenyewe. Leo hatasema, anaogopa, kesho atasema. Nikakungoja. N'lipoolewa nalikuwa n'shaacha kukungojea kwa ajili yangu. Lakini kwa ajili ya baba sikuacha."

Nikatoa daftari. Nilimweleza kila kitu, karatasi mbili, hesabu ya kutoa, umbali, ahadi yangu ya thelathini. Alifuata namba kwa kidole chenye kovu la sindano. Nilimwonyesha ishirini na tatu kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Kura zote zilizopigwa ngapi mara hii?"

"Mia mbili na ishirini na saba."

"Na mwaka ule zilikuwa mia nne na ushei. Hao wengine wamekwenda wapi?"

"Hawakwenda kupiga. Walikaa majumbani."

"Basi kijiji hakijageuka, kimechoka. Nguo ikikubana si lazima umenenepa, Ngwali. Huenda imeruka ikapungua ilipofuliwa."

Miaka yote nimewakemea watu kwa kutazama karatasi moja, na fundi wa kanzu alikuwa ameiona kwa dakika moja namba ambayo mimi sikutaka kuiona. Sikuitaka kwa sababu nilimtaka yeye. Nilimwambia hivyo hivyo.

Akavua miwani. "Kwa hivyo ulikuwa ukingoja kijiji kizima kitende kosa kama lako, ndo lisiwe kosa."

"Ndiyo."

"Wajua baba alikufa vipi? Miaka minne akikaa hapa hapa ulipokaa weye. Akija mtu, hata muuza samaki, kabla hajasema anachotaka baba humwambia: miye sikuwapigia, bwana. Watu wa hapa hawaijui hata habari yenyewe, wanacheka, wanadhani mzee anaweweseka. Alfajiri ya kufa kwake akanishika mkono akanambia, Mwatum, miye sikuwapigia. Miye! Kana kwamba na miye nalikuwa simwamini."

Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ncha ya ile kanzu ya watu. Nami nililia. Tulikuwa wazee wawili tunalia mchana barazani, na wapita njia walitoa salamu kwa haraka wakapita.

"Rudi, Mwatum," nikasema. "Rudi Mtofaani. Nikuoe, kama bado yafaa kusema neno hilo."

Hakucheka, na hilo lilinipa tamaa. "Kaseme kwanza. Si kwangu miye. Kwao. Lisafishe jina la baba pale lilipotiwa uchafu. Ukishasema nipigie simu, n'hadithie walivopokea, ndo tuzungumze hayo mengine."

Akaniandikia namba yake kwa chaki ya ushonaji nyuma ya daftari langu. Njia nzima ya kurudi nilishikilia hayo mengine. Alisema hayo mengine, hakusema hapana. Nilijikuta nasalimia watu nisiowajua.

Ijumaa nilimwomba Shehe Yussuf, imamu wetu, aniruhusu baada ya sala. Aliniuliza kama ni jambo la kheri, nikamwambia ni la haki. Msikiti ulikuwa na watu wapata themanini. Niliposimama mbele yao ndipo nilipowatazama kweli, safu kwa safu, nikitafuta nyuso za baraza ile. Wote walikuwa wamekwenda, wengine mjini, wengine kaburini. Hao nimewazika mmojammoja kwa miaka, na kila mara nimerudi nyumbani nikafungua daftari badala ya kuhesabu nani kabaki. Alibaki Bakar tu, safu ya pili, na fimbo yake. Bakar huyohuyo leo ni katibu wa tawi la wao, na hakuna anayemtoa katika baraza yoyote.

"Jamaa zangu," nikasema, "mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza, hapa Mtofaani wao walipata kura tisa. Ya tisa alisingiziwa Mzee Msellem, fundi. Akasusiwa yeye na nyumba yake, mkewe akazikwa na watu wanane, akahama, akafa ugenini. Hakuwa yeye. Wallahi hakuwa yeye wala mtu wa nyumba yake. Kura ile niliipiga mimi, Ngwali bin Kombo. Nilijua, na nikanyamaza."

Nilikuwa tayari kwa lolote, kutukanwa, kutemewa mate, kusukumwa nje. Miaka thelathini nimelala na hofu ya dakika ile, na nilipofika ndani yake nilijiona kama mtu aliyetua mzigo.

Kijana wa safu ya mbele akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na babu yake, "Kura moja tu, maalim?"

"Moja."

"Na miye mara hii nimewapigia. Na kaka yangu. Haidhuru, maalim, Mungu ni mwingi wa rehema."

Wengine wakatabasamu. Mmoja akamgeukia mwenziwe, nikamsikia, "Huyo Msellem ni nani?" Mwenziwe akainua mabega. Suhaib alitazama chini, aliona haya kwa ajili yangu. Bakar akanyanyuka na fimbo yake, akaja akanipiga bega mara mbili. "Maalim, yaliyopita si ndwele. Hayo ya nini leo? Tuyaache." Na macho yake hayakukaa usoni mwangu. Yeye peke yake mle ndani, ukinitoa mimi, ndiye aliyemjua Msellem, na yeye peke yake alikuwa na haraka ya kutoka.

Wakaondoka wakizungumza habari ya mechi. Hakuna aliyenikasirikia. Nilikuwa nimengoja mpaka neno lile lisigharimu kitu, na nilipolitoa halikununua kitu.

Nilikaa kwenye ngazi ya msikiti nikapiga ile namba. Aliipokea mara moja. Nadhani alikuwa amekaa nayo.

"Umesema?"

"Nimesema. Msikitini, baada ya Ijumaa, mbele ya watu themanini. Nimeapa."

"Alhamdulillahi." Nilisikia akivuta pumzi ndefu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya yule binti wa siku za mashati. "Wamesemaje, Ngwali? Wamesema nini habari ya baba?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema walilia, waliomba radhi, wamemsomea Mzee Msellem fatiha. Angerudi kwa uwongo huo, naamini angerudi, na ningekuwa naye katika nyumba yangu siku zilizobaki.

"Wameuliza Msellem ni nani," nikasema.

Nilisikia kuku wa Makoongwe, na mtu anapita anasalimu, naye hamwitikii. Nilisema Mwatum, Mwatum, mara mbili.

"Ungesema walipokuwa wakimjua," akasema.

Alisema taratibu, bila hasira, akaikata simu. Nilikaa pale na yale mengine yote niliyokuwa nimemwekea, mpaka mwenye kufunga msikiti akaniomba nisogee afunge mlango.